Njiwa wa Isaka

Jua lilikuwa linazama upande wa Isaka, na Asteria alikuwa bado hajasema.

Alijiahidi kusema asubuhi, akaahirisha mpaka mchana. Mchana akasema moyoni, acha mama apumzike kwanza. Mama akapumzika, akaamka, akaoga, akanywa uji wake, na sasa alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, amejifunga khanga safi, anangoja kufunguliwa dunia yake. Binti wa watu ulimi ulikuwa mzito kama aliyetoka kung'olewa jino.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" mama yake akauliza. "Washa hiyo kompyuta. Wataanza bila mimi."

"Bado mapema, mayu."

"Nataka kiti cha mbele. Wiki iliyopita yule mwanamke mwenye nywele za kijani alinikalia palepale pangu."

Asteria akacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa cha kujilazimisha. Aliiweka kompyuta juu ya stuli kando ya kitanda, akaunganisha bando la simu yake, akangoja.

Mama Rhoda alivunjika nyonga kwa kuteleza uani wakati wa masika, na tangu hapo safari zake zilikuwa za kitandani na kibarazani tu. Mwanamke aliyezoea kwenda gulioni, kanisani na misibani asikose hata mmoja, akajikuta anahesabu mbao za dari. Asteria, aliyekuwa akifanya kazi katika steshenari moja hapo Kagongwa, akichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, aliona mama yake anafifia. Ndipo jioni moja alipomwonyesha dunia iliyomo ndani ya mashine. Haikuwa sinema, wala simu ya video. Ilikuwa dunia ya kuchorwa, yenye nyumba, njia, miti na mto, ambamo mtu huingia kwa mwili wa picha aliojichagulia, akatembea, akaketi, akaongea kwa sauti yake mwenyewe na watu walio mbali. Na ndani ya dunia hiyo kulikuwa na ua mmoja mpana uitwao Baraza la Nyuzi. Kila Jumamosi jioni wapigaji wa gitaa kavu walikusanyika hapo, kila mmoja akiwa chumbani kwake huko aliko, wakapiga papo kwa papo, watu wakasikiliza.

"Yaani nikakae na madoli?" Mama Rhoda aliuliza siku ya kwanza. Lakini alikaa. Tangu hapo, umeme ukikatika Jumamosi, nyumba nzima ilijuta mpaka Jumatatu.

Asteria alimtengenezea mwili wa mama mnene aliyevaa kitenge cha bluu, anayesimama wima bila fimbo. Alipomwuliza aandike jina gani, alidhani ataambiwa Mama Rhoda kama watu wote walivyomwita. Mama yake akasema, "Andika Mbuke." Ndilo jina alilopewa na wazazi wake, na tangu azae mtoto wa kwanza hapakuwa na mtu wa kulitumia. Asteria aliliandika bila kuuliza. Alijua sababu. Rhoda alikuwa dada yake, na Rhoda alikuwa kaburini.

Katika Baraza la Nyuzi, Mbuke alipata rafiki. Alikuwa mpigaji mmoja aliyejiita Njiwa, mwili wake wa picha ukiwa wa kijana mwembamba mwenye shati jeupe na kofia ya majani. Njiwa alipiga gitaa taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto asimwamshe. Kila akimaliza, Mbuke alimwita aje akae karibu, nao wakapiga soga. Walitaniana juu ya mapengo ya mama na kofia ya kijana. Wakazungumza habari za ng'ombe na za mvua isiyoaminika. Na Jumamosi iliyopita, Asteria akiwa jikoni anaepua ugali, Mbuke alimsimulia Njiwa habari ambayo hakuwahi kumsimulia hata padri. Alimsimulia habari ya Rhoda.

Msomaji, hapa ndipo penye donge. Njiwa alikuwa Marcelino, na Marcelino ndiye aliyempenda Asteria, na Asteria akampenda mpaka usingizi ukawa unamkimbia. Alikuwa kijana wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, aliyelelewa na wazee wake kanisani, na sasa alikuwa karani wa mizigo kwenye bandari kavu ya Isaka. Watu wake walishamtuma mshenga, mzee Donatus, na Mama Rhoda akakataa kabla mshenga hajamaliza kukalia kiti.

"Karani wa wapi?" aliuliza siku hiyo.

"Wa Isaka, mama."

"Basi mmekosea nyumba."

Kesho Jumapili, baada ya misa, Maduhu, mdogo wake marehemu baba yao, angempigia simu mzee Donatus na kumpa jibu la mwisho. Jibu lenyewe lilikuwa hapana, na hapana ya mama mzazi hakuna baba mdogo wa kuivunja.

Simu ya Asteria ikatetema. Akaitazama, akasema anaenda kuzima moto wa jikoni, akatoka.

Uani kulikuwa na harufu ya moshi na mavumbi ya jioni. Akasimama nyuma ya jiko, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Umemwambia?" Marcelino hakusalimia hata.

"Bado."

"Asteria."

"Nitamwambia. Acha kwanza apige soga zake, acha asikie gitaa lako, moyo wake ulainike..."

"Ndivyo ulivyosema wiki nzima. Mwanzo uliniambia ni bibi jirani, mgonjwa, anahitaji wa kuongea naye. Nikaongea naye. Nimecheka naye, Asteria! Nimemtania juu ya mapengo yake! Unajua kwetu baba yangu, akimwona bibi mzaa mama anakuja, anaacha njia na kuingia majanini mpaka bibi apite? Mpaka leo, na mvi zake zote. Mimi nimekaa na mama mkwe bega kwa bega kama washikaji."

"Hujawa mkwe wake. Amekukataa."

Alijuta neno hilo kabla halijafika Isaka. Nyuma ya Marcelino lilisikika lori likipiga honi ndefu, na sauti ya mtu anaita namba za makontena.

"Nilijua ni mama yako alipolitaja jina la dada yako," akasema taratibu. "Alikuwa ananieleza kilio chake, na mimi nimekaa pale na kofia ya kuchora kichwani, najua ni nani, naye hajui. Sijawahi kujiona mwizi kama siku ile."

"Mwizi ni mimi," Asteria akasema, machozi yakimlenga. "Nilitaka akujue kabla hajasikia neno Isaka. Na nilijua siku akikubali, mtaanza kupishana mbali maisha yenu yote. Nilitaka muwe mmeongea hata mara moja. Ni kosa hilo?"

"Ni kosa, mpenzi. Ulilifanya kwa upendo, lakini ni kosa." Sauti yake ikalegea. "Nimemtungia dada yako wimbo. Nilikusudia kuupiga leo. Lakini simwimbii mtu ninayemdanganya. Mwambie kabla sijaugusa huo wimbo. Usipomwambia, nitamwambia mimi mbele ya Baraza zima, kisha nitazima na sitarudi."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amenikataa mimi. Mpaka sasa amemkataa mtu mwingine."

Simu ikakatika. Asteria akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akarudi ndani. Alimpenda zaidi kwa maneno yale, na maneno yaleyale yalimwogopesha.

Baraza la Nyuzi lilikuwa limeshajaa. Kwenye kioo palikuwa na ua wa mchanga, taa ndogondogo zimening'inizwa kwenye miti, na nyuma mto usiokauka. Miili ya picha ilikuwa imeketi kwenye viti vya magogo. Mwenye ukumbi, dada mmoja aitwaye Evelina aliyekuwa akiishi ng'ambo kwenye baridi, aliwakaribisha watu kwa sauti ya kwao kabisa.

"Karibuni nyumbani, jamani. Mama Mbuke nimekuona. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko theluji imepungua?"

"Haijapungua, mama. Tupeni joto."

Aliyeanza alikuwa mzee mmoja aitwaye William, aliyepiga polepole, akikosea na kurudia bila aibu. Mama Rhoda alimpigia makofi kitandani, kisha akamwambia Asteria ambonyezee na ule mwili nao upige makofi. Siku zote Asteria ndiye aliyekuwa mikono na miguu ya Mbuke humo ndani, mama akiwa sauti tu.

Kisha yule kijana wa kofia ya majani akapanda jukwaani.

"Huyo!" Mama Rhoda akasema, uso wote ukifunguka. "Njiwa! Mwadila, mwanangu, ng'wana wane!"

"Mwadila, mayu." Sauti ilitoka chini sana. "Shikamoo."

"Marahaba. Mbona leo umenigeuzia ubavu? Na mbona unaongea kama mtendaji wa kata? Umekula?"

"Nimekula, mayu. Asante."

"Asante! Gashi, kumbe leo tumefika kwenye asante." Akamgeukia Asteria. "Huyu ana jambo. Sauti ya mtu mwenye jambo naijua."

Njiwa akapiga wimbo wa kwanza usio na maneno. Ulikuwa mzuri na ulikuwa na huzuni, na watu wa Baraza walinyamaza wote. Asteria hakuusikia vizuri. Alikuwa akitazama uso wa mama yake, mikunjo yake yote imetulia, midomo imeachana kidogo, kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Akajiuliza ni nani aliyempa yeye ruhusa ya kumtengenezea mama yake furaha ya uongo.

Wimbo ukaisha. Njiwa hakuanza mwingine. Akakaa na gitaa lake la kuchora mapajani, akanyamaza, na ukimya ukawa mrefu mpaka watu wakaanza kuulizana kama mtandao umekata. Simu ya Asteria ikawaka. Ujumbe ulikuwa neno moja tu: *Nangoja.*

Asteria akanyoosha mkono, akazima kipaza sauti cha kompyuta.

"Unafanya nini?" mama yake akauliza.

"Mayu, nina neno."

"Sema baadaye. Kijana anataka kuimba."

"Ana wimbo, ila haimbi mpaka niseme." Akapiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya matanga ya baba yake. "Mayu, Njiwa anaitwa Marcelino."

Mama Rhoda alimtazama bila kuelewa. Kisha Asteria akaona ile fahamu inavyopanda taratibu kutoka kidevuni mpaka machoni, na akatamani ardhi ipasuke.

"Marcelino yupi?"

"Yule wa mzee Donatus."

"Yule wa Isaka."

"Ndiyo, mayu."

Mama Rhoda hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Aliivuta khanga iliyokuwa mabegani, akajifunika kifua kama mtu aliyekutwa bafuni.

"Nimemwambia habari zangu za tumboni," akasema. "Nimemwambia jinsi nilivyomwosha Rhoda kwa mikono yangu, na mtoto bado yumo ndani. Nimemwambia nilivyolala juu ya udongo siku ya tatu. Umenivua nguo mbele ya mwanaume anayetaka kukuoa, Asteria. Mimi, mama yako."

"Nisamehe, mayu."

"Na yeye alijua?"

"Hakujua! Haki ya Mungu hakujua. Nilimdanganya hata yeye. Alijua Jumamosi iliyopita uliposema jina la dada, na tangu siku hiyo amenikalia kooni nikwambie. Leo amesema nisipokwambia anakwambia mwenyewe mbele za watu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyetaka kuendelea."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Asteria akalia sasa, wazi, bila kujificha. "Kwa sababu nampenda, na wewe ulimkataa bila kumwona. Ulisikia Isaka ukafunga mlango. Mayu, yule mwanaume wa dada hakuwa Isaka yote. Alikuwa mtu mmoja mbaya."

"Usinifundishe!" Sauti ya Mama Rhoda ikapanda, kisha ikavunjika katikati. "Unadhani sijui alikuwa mtu mmoja? Dada yako alikuwa na uchungu, anampigia, amezima simu. Majirani wakambeba kwenye bajaji, akafia njiani. Tukamzika, tukangoja. Baba yako alizuia udongo mpaka jua likaelekea kuzama, akisema labda yuko njiani, labda gari limeharibika. Hakuja. Hata kushika koleo. Karani wa mizigo! Na watu wananiita Mama Rhoda asubuhi, Mama Rhoda jioni, na kila wakiniita ni mimi namzika upya."

Kwenye kioo, watu wa Baraza walikuwa bado wamekaa. Evelina alikuwa akiuliza taratibu, "Njiwa, tuko pamoja? Mama Mbuke, mko hewani?" Kijana wa kofia ya majani hakusogea.

Mama Rhoda akamtazama yule kijana. Hasira usoni mwake ilikuwa inapigana na kitu kingine.

"Fungua sauti," Mama Rhoda akasema.

"Mayu, watu wote watasikia..."

"Fungua."

Asteria akafungua.

"Watu wa humu, mnisamehe," Mama Rhoda akasema, na sauti yake ikatulia, ikawa ile sauti ya misibani anayotumia mkubwa wa nyumba. "Nina neno moja na huyu kijana. Njiwa."

"Naam, mayu."

"Nimeambiwa jina lako."

"Ndiyo, mayu. Naomba msamaha. Ningejua mapema, nisingekaa nawe hivyo."

"Sikukuuliza hilo. Nina mtoto mmoja amebaki. Nijibu bila gitaa. Yakimkuta huyu kama yaliyomkuta mwenzake, utakuja kunitazama usoni?"

Asteria alisikia pumzi ya Marcelino ikiingia na kutoka, na mbali nyuma yake malori ya Isaka.

"Usoni sitaweza kukutazama, mayu," akajibu. "Heshima haitaniruhusu. Lakini nitakuja. Nitakuja kwa miguu kama gari hakuna, nitakaa nje ya uzio nimeinama mpaka wazee waniruhusu, na koleo sitamwachia mtu. Mungu apishe mbali yasitokee. Lakini nitakuja."

Hata yule mwanamke wa nywele za kijani alikuwa ametulia. Mama Rhoda akashusha pumzi, akajifuta pua kwa khanga.

"Mwanangu ananiambia una wimbo."

"Ninao. Una jina la marehemu ndani. Niliondoe?"

"Liache," akasema. "Nimechoka kulibeba peke yangu."

Marcelino akaanza. Nyuzi zilikuja moja moja, kama mtu anayebisha hodi na hana hakika kama kuna mtu ndani, kisha sauti ikafuata:

*Rhoda, njia ya kwenu imeota majani,*
*mama aifagia, hajui hadi lini.*
*Aliyekula kwako hakuja kaburini,*
*nami nimesimama, koleo mkononi.*

Aliurudia ubeti ule mara ya pili, chini zaidi. Mama Rhoda hakulia. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto chumba cha pili, na wimbo ulipokwisha, alikaa vilevile. Watu wa Baraza hawakupiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyeona kuwa ni wimbo wa makofi.

"Asteria."

"Abee, mayu."

"Kitufe cha kutembea ni kipi?"

"Nikupeleke wapi? Nitakubonyezea."

"Nimekuuliza ni kipi. Nionyeshe, nibonyeze mwenyewe."

Asteria akamwonyesha. Kidole cha mama yake, kinene, chenye kovu la jembe, kikagusa kitufe kwa woga. Yule Mbuke wa kitenge cha bluu akainuka kutoka kiti cha mbele. Akaenda mrama, akagonga gogo, akarudi nyuma, akatafuta njia. Miili mingine ikampisha. Alikuwa anaondoka. Asteria akaziba mdomo kwa kiganja. Basi, akasema moyoni, imekwisha. Kesho Baba Maduhu atapiga simu, na nitakuwa nimempoteza Marcelino na mama kwa jioni moja.

Lakini Mbuke hakuelekea kwenye geti la kutokea. Aliacha njia ya mchanga iliyotoka jukwaani, akaingia pembeni kwenye nyasi za kuchora, akaenda mpaka nyuma ya mti wa mwisho. Hapo akasimama, akazunguka taratibu mpaka mgongo wake ukawa umelielekea jukwaa.

"Kuchuchumaa kuko wapi?"

"Kuchuchumaa... hakuna, mayu. Kuna kukaa chini."

"Kitafaa. Nikalishe."

Asteria akabonyeza. Mbuke akaketi nyasini, mgongo kwa mpigaji. Na kitandani, mama yake akaichukua khanga, akajitanda kutoka kichwani mpaka usoni, akageukia ukutani.

"Mama Mbuke?" Evelina akauliza kwa wasiwasi. "Kuna aliyekukosea, mama?"

Mama Rhoda hakumjibu. Aliyejibu alikuwa Marcelino, ila hakujibu kwa maneno. Kijana wa kofia ya majani aliweka gitaa chini, akashuka jukwaani upande wa pili, mbali na ule mti, akavua kofia, akaketi chini naye akageuza mgongo. Wawili wale wakawa wameketi hivyo, ua mzima katikati yao, hakuna anayemtazama mwenzake. Watu wa ng'ambo huenda waliona ugomvi. Asteria alikuwa mtoto wa Kisukuma, na aliwahi kumwona bibi yake akimwachia baba yake njia namna ileile, kwenye majani halisi. Mwanamke hampishi njia kijana yeyote tu. Anampisha mkwewe.

Kwenye spika ilisikika sauti ya mwanaume anayelia na hataki kusikika.

"Zima kipaza sauti," mama yake akasema kutoka ndani ya khanga. Asteria akazima. "Mwambie baba yako mdogo asipige simu kesho. Aje hapa tuongee. Na mzee Donatus aambiwe arudi, kiti chake hakukikalia vizuri."

"Mayu..." Asteria akamwangukia miguuni, akiangalia asiiguse nyonga. "Mayu, wabeja. Wabeja sana."

"Usinishukuru, bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo mpaka ng'ombe wa mahari waje." Kisha sauti yake ikawa ndogo, ya mtu aliyeachwa stesheni. "Gashi ndiyo basi. Sitaongea naye tena. Nilikuwa na habari ya kumpa leo, ya yule ndama wa jirani. Niliiweka wiki nzima."

Hapo Asteria akaelewa bei ya jambo lile, na nani aliyeilipa. Yeye alipata mume. Mama yake, ili ampe, alikuwa ametoa rafiki pekee aliyempata tangu avunjike, mtu pekee ambaye Mbuke alimfungulia moyo. Akaushika ule mkono wenye kovu, akaulaza shavuni pake, wakakaa hivyo mpaka chumba kikawa kiza na kioo tu ndicho kilichobaki kuwaangaza.

"Kuiba sauti je?" Mama Rhoda akauliza ghafla.

"Vipi, mayu?"

"Kumsikiliza. Akiwa anapiga, na mimi sipo mbele yake. Wazee walikataza hilo?"

Asteria akafikiri. "Sijawahi kusikia wamekataza."

"Mimi pia sijasikia." Mama Rhoda akaifunua khanga kidogo, jicho moja likachungulia kwenye kioo, kwenye ule mgongo wa bluu ulioketi nyasini nyuma ya mti. "Basi Jumamosi uniweke palepale, hivyohivyo nilivyogeuka. Nisisogezwe."

"Sawa, mayu."

"Ila usinipunguzie sauti."